Biblia ya Chungwa: ni kitabu gani, na kwa nini hukipati dukani

Swali huja kwa sura tofauti. Kijana wa bodaboda wa Makorora, hapa Tanga, anataka kujua kama ni kweli ipo Biblia ambayo Kanisa Katoliki limeificha. Binti wa kidato cha tano anauliza kama maktaba ya mkoa inayo. Barazani Ngamiani, baada ya Isha, mzee mmoja anaeleza alivyosikia kwa wajukuu zake kwamba Wamarekani wamechukua Kurani, Injili na Taurati wakavichanganya kuwa kitabu kimoja, nacho kimeanza kugawiwa chini kwa chini. "Yahe, mambo gani haya?" anauliza, na kila aliyeshika kikombe cha kahawa ana lake la kusema.

Wote hao wanazungumzia kitu kimoja, kitabu kiitwacho Orange Catholic Bible. Vijana wameshakibatiza Biblia ya Chungwa, nami nitalitumia jina hilo kwa kuwa ndilo linalotamkwa mitaani. Kitabu hicho hakipo. Hakuna kanisa lililokichapa, hakuna serikali iliyokificha, wala hakuna duka la Dar es Salaam au London litakalokuuzia. Kinaishi ndani ya riwaya ya Kimarekani iitwayo Dune, iliyotungwa na Frank Herbert na kutoka mwaka 1965. Filamu zilizotokana na riwaya hiyo, ya mwaka 2021 na ile ya pili ya 2024, ndizo zilizouleta mjadala mpaka kwenye vibanda umiza vyetu.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nadhani nitakuwa sijawatendea haki wanaouliza. Wamechanganyikiwa kwa sababu ya maana: kitabu hiki kisichokuwepo kimejengwa kwa matofali ya vitabu vilivyopo, na baadhi ya matofali hayo sisi watu wa pwani tunayajua tangu chuo cha Kurani.

Tuanze na maneno. Bunilizi ni hadithi aliyoitunga mtu kutoka kichwani mwake. Bunilizi ya kisayansi ni ile inayojiuliza sayansi na teknolojia zitamfikisha wapi mwanadamu, kisha ikajenga ulimwengu mzima juu ya jibu hilo, wenye safari za kutoka nyota hadi nyota, mashine zinazofikiri na sayari zenye falme zake. Na kitabu cha kubuni, hapa, ni kitabu kinachotajwa ndani ya hadithi ya namna hiyo. Wahusika wanakisoma, wanakigombania, wananukuu mistari yake, ilhali nje ya hadithi hakuna aliyewahi kukaa chini akakiandika.

Chukua mchezo wa redio. Mwanamke amepokea barua ya mumewe aliyekwenda kutafuta maisha machimboni Mererani. Unasikia bahasha ikichanwa, karatasi ikikunjuliwa, halafu anasoma mistari miwili mitatu huku sauti ikimkatika. Msikilizaji umeshaijua barua hiyo na unaweza kumsimulia jirani kilichomo. Lakini barua nzima haipo popote. Kilichoandikwa ni ile mistari michache tu, na aliyeiandika ni mtunzi wa mchezo, si mchimbaji yeyote. Biblia ya Chungwa ni barua ya aina hiyo. Herbert ameandika mistari kadhaa, akatupa historia ya namna ilivyopatikana, na mengine yote ameyaachia fikra zetu.

Watu wa Tanga tuna mfano wetu wa ulimwengu wa kubuni. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliandika Kusadikika, habari za nchi iliyo angani na wajumbe sita waliotumwa kwenda pande zote, mpaka mbinguni na chini ya ardhi. Hatujasikia mtu akiitafuta nchi hiyo kwenye ramani. Majina yenyewe yanajitangaza. Waziri anayeitwa Majivuno na mshtakiwa anayeitwa Karama, msomaji anajua papo hapo kwamba yuko ndani ya fumbo. Herbert alikwenda njia nyingine kabisa. Alichukua majina halisi ya dini halisi, akayapeleka maelfu ya miaka mbele, akayaoanisha kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kwa hiyo ndani ya riwaya yake utawakuta watu wanaoitwa Wazensunni, yaani Zen ya Wabuddha na Sunni yetu vimekuwa kitu kimoja. Utakuta Ukristo wa Mahayana. Utakuta mila za Kibuddha na Kiislamu zikiwa zimeshikana mpaka zikawa na jina moja. Mtu anayesikia majina hayo kwa mbali, kwenye filamu iliyotafsiriwa juu kwa juu, ana haki ya kudhani anaelezwa habari ya jambo linalotokea sasa.

Hadithi yenyewe ni ndefu, nitaipita haraka. Ni mwaka 10191 kwa kalenda yao. Paul Atreides, kijana wa miaka kumi na tano, anahama na wazazi wake kutoka sayari ya Caladan yenye maji tele kwenda Arrakis, jangwa tupu, mahali pekee panapopatikana kiungo adimu ambacho safari zote za angani zinakitegemea. Baba yake anauawa. Paul na mama yake, Jessica, wanakimbilia kwa wenyeji wa jangwani, Wafremen, na huko kijana anageuka kuwa kiongozi anayeabudiwa.

Biblia ya Chungwa ni ya zamani mno kuliko Paul. Zaidi ya miaka elfu kumi kabla yake, wanadamu walisimama dhidi ya kompyuta na mashine zinazofikiri, wakaziteketeza. Vita hivyo Herbert anaviita Jihadi ya Butler, na kwa hesabu ya riwaya vilidumu karibu karne nzima. Vilipokwisha, watu walijikuta wametapakaa kwenye sayari nyingi, kila mahali wakiabudu kwa njia yao, na kila upande ukiwa na damu ya mwingine mikononi. Viongozi wa dini wakaamua wakutane. Wakakutana kwenye kisiwa kisichoegemea upande wowote, hapa hapa Duniani, mahali zilipozaliwa dini zao zote. Kila dini yenye waumini zaidi ya milioni moja ilikuwa na mwakilishi. Kikao hicho kikaitwa Tume ya Watafsiri wa Kiekumene.

Jambo la kwanza walilolitangaza ndilo zito kuliko yote, na ndilo ninalotamani wabishi wa barazani walisikie kabla ya jingine lolote. Walisema wamekuja kuziondolea dini zinazogombana silaha yake kubwa, yaani dai la kila moja kwamba yenyewe peke yake ndiyo iliyoshushiwa ufunuo.

Baada ya tamko hilo, kimya. Mwaka mzima ukapita bila neno. Watu wakachoka kusubiri, waimbaji wakawatungia mipasho wale wajumbe 121, wakawaita vizee vibishi. Kazi ikachukua miaka saba. Kitabu kilipotoka, pamoja na mwongozo wa ibada na kitabu cha fafanuzi, ghasia zikalipuka. Katika miezi miwili wajumbe 18 wakauawa na makundi ya watu wenye hasira. Kabla mwaka haujaisha, 53 wengine wakaikana kazi yao wenyewe. Kitabu kikashutumiwa kuwa ni zao la kiburi cha akili. Mmoja wa waliosimama imara mpaka mwisho, mwanachuoni wa Kizensunni aitwaye Toure Bomoko, naye hatimaye akakiri kwamba walikosea kutunga alama mpya na kuwatia watu wasiwasi juu ya mambo waliyokwisha kuyaamini.

Kwa hiyo anayesema kwamba Herbert alikuwa anapigia debe dini moja ya dunia nzima hajafika kwenye kurasa hizi. Mwandishi aliyetaka kuipigia debe asingewaua wajumbe wake 18 kwa mikono ya waumini. Alikuwa anajiuliza swali gumu la kweli: wakikaa wanazuoni wenye nia njema, wakaandika kitabu kimoja cha wote, nini kitatokea? Na jibu lake lina pande mbili. Kitabu kile kilikataliwa kwa damu, lakini pamoja na hayo kilienea polepole, kikasomwa, na wakati wa Paul ndicho kitabu cha dini kinachojulikana kila pembe ya dola.

Sisi tunayo kumbukumbu halisi ya kamati ya watafsiri, na inasaidia kuona ukubwa wa alichokiwaza Herbert. Wakristo wengi wa Kiprotestanti wa Tanga wamekulia na Biblia ya Union Version ya mwaka 1952. Kabla yake, Unguja walikuwa na tafsiri yao, kazi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere kwa Kiswahili cha Kiunguja, na Mombasa walikuwa na yao kwa lahaja ya kwao. Union Version ilikusudiwa kuziunganisha. Imani ilikuwa moja na Maandiko yalikuwa yale yale, ila namna ya kuyasema ndiyo iliyohitaji makubaliano. Sasa fikiria kamati inayotakiwa kukubaliana si juu ya lahaja, ila juu ya Mungu mwenyewe, mitume na maisha ya baada ya kufa, na mezani wamekaa watu wa dini zote kubwa. Ghasia za kwenye riwaya hazishangazi hata kidogo.

Na kwa kuwa tumegusa Biblia halisi, niondoe fumbo jingine hapa hapa. Baadhi ya watu wamesikia kwamba Biblia ya Wakatoliki ina vitabu vingi zaidi, wakadhani Biblia ya Chungwa ndiyo hiyo. Sivyo. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, ya Kiprotestanti ina 66. Tofauti ni vitabu saba vya Agano la Kale, kama vile Tobiti, Yudithi na vile viwili vya Wamakabayo, ambavyo Wakatoliki wanavikubali na Waprotestanti hawavihesabu. Hakuna kilichofichwa. Mtaa wowote wenye parokia, ukiomba utaonyeshwa.

Jina nalo limewapoteza wengi, hasa mkoa huu ambako ukisema chungwa mtu anaona malori ya Muheza. Tunda halihusiki. Orange ni jina la ukoo wa kifalme wa Uholanzi. William wa Orange, Mprotestanti, ndiye aliyemshinda James wa Pili, mfalme Mkatoliki, kwenye vita vya mto Boyne huko Ireland mwaka 1690, na mpaka leo wapo Waprotestanti wa Ireland ya Kaskazini wanaoandamana kwa jina lake na kwa rangi hiyo. Wasomaji wengi wa Dune wanalielewa jina la kitabu hivyo: mahasimu wawili wa historia, Mprotestanti wa Orange na Mkatoliki, wamewekwa kwenye jalada moja. Kwa dunia ya 1965, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulikuwa unafikia mwisho na umoja wa makanisa ukijadiliwa kila mahali, jina hilo lilikuwa na uzito wake.

Kitabu chenyewe tunakiona kwa karibu mahali pamoja mwanzoni mwa riwaya, na ni ukurasa ninaoupenda kuliko mwingi. Familia inajiandaa kuondoka Caladan. Tabibu wa nyumba ile, Dakta Yueh, anamwita Paul pembeni, anampa zawadi: Biblia ya Chungwa ndogo, nyeusi, isiyozidi ncha ya kidole gumba cha kijana. Ilitengenezwa zamani kwa ajili ya wasafiri wa angani. Ina kurasa 1,800 za karatasi nyembamba kama uzi wa buibui, na kioo chake cha kukuzia maandishi. Umeme kidogo ndio unaoifunga. Ukibonyeza ukingo, kurasa ulizozitaka zinasukumana, kitabu kinafunguka. Yueh anamwambia afungue Kalima ya 467, penye maneno yanayosema kwamba uhai wote huanzia majini. Kwenye jalada kuna alama ya kuonyesha mahali hapo.

Paul anapapasa jalada, anahisi alama mbili, moja ina kina kidogo kuliko nyenzake. Anabonyeza ile hafifu. Kinafunguka mahali pengine kabisa, penye maneno kuhusu kiziwi asiyesikia: je, sisi sote hatuna uziwi wetu wa mambo yaliyotuzunguka? Anaanza kuyasoma kwa sauti, na Yueh anapaza sauti kumkatiza. Yalikuwa maneno aliyoyapenda mkewe, Wanna, na mkewe yuko mikononi mwa maadui. Mtu huyu anayempa kijana kitabu kitakatifu ndiye atakayemsaliti baba yake, na zawadi ile ni njia yake ya kuituliza dhamiri.

Msomaji wa Tanga atakuwa ameshaona jambo ambalo msomaji wa Chicago anaweza kulipita. Neno Kalima hatuhitaji kutafsiriwa. Na kauli ya kwamba uhai wote huanzia majini, mtoto yeyote aliyesoma chuoni akafika Suratul Anbiyaa atakumbuka aya ya 30, ambamo Mwenyezi Mungu anasema amejaalia kwa maji kila kitu kilicho hai. Herbert hakunukuu aya ile, ila kilicho kwenye kitabu chake kinafanana nayo kiasi kwamba mtu akikiona peke yake kwenye picha ya WhatsApp, bila riwaya, ni rahisi kuapa kwamba ni Kurani iliyopotoshwa. Hapa ndipo uvumi wa barazani ulipopata miguu.

Kuna jambo jingine linalohitaji kutenganishwa kwa utulivu, maana ndilo lililoleta ugomvi mkubwa zaidi baada ya filamu ya pili. Watu wamesikia Mahdi, wamesikia Lisan al-Gaib, majina ambayo Wafremen wanampa mkombozi wanayemngoja, wakasema hayo ndiyo mafundisho ya Biblia ya Chungwa. Siyo. Ndani ya riwaya kuna mito mitatu ya imani, na filamu inaimimina yote kwenye ndoo moja.

Mto wa kwanza ni Biblia ya Chungwa, kitabu cha dola, kinachosomwa na mabwana, askari na wasafiri. Wa pili ni imani ya Wafremen wenyewe. Hawa ni wajukuu wa Wazensunni waliofukuzwa kutoka sayari moja hadi nyingine wakaishia jangwani, na wana urithi wao, wenye maneno mengi ya Kiarabu na kumbukumbu ya kuteswa ambayo hawajaisahau. Wa tatu si imani, ni hila. Kuna jamii ya wanawake wenye elimu na nguvu kubwa, wanaitwa Bene Gesserit. Kwa karne nyingi wamekuwa wakituma watu wao kwenye sayari za mbali kupandikiza hekaya za mkombozi na mama yake, ili siku mmoja wao akikwama huko, awakute wenyeji wameshaandaliwa kumpokea. Jessica ni mmoja wao. Anapofika jangwani na mwanawe, anaitambua hekaya iliyopandwa, anaitumia. Mahdi wa Wafremen ni mchanganyiko wa tumaini lao la kweli na mbegu iliyopandwa na wageni kwa faida yao.

Kwa Mwislamu anayeuliza kama filamu inamzungumzia Mahdi anayemjua yeye, jawabu langu ni kwamba jina limeazimwa, mtu ni mwingine. Naelewa kwa nini linamkera. Kuona neno la dini yako likivalishwa mhusika wa sinema si jambo jepesi, na sidhani ni haki kumcheka anayelalamika. Ninachoomba ni kwamba lawama iende panapostahili, kwenye uazimaji wa majina, isiende kwenye kitabu ambacho hakijasema lolote juu yake.

Uazimaji huo umekwenda mbali kuliko wengi wanavyojua. Wafremen wana kitabu chao cha kubuni, mwongozo wa dini na wa kujihifadhi jangwani kwa pamoja. Kinaitwa Kitab al-Ibar. Sasa Kitab al-Ibar kipo kweli. Ni historia kubwa ya Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, ile ambayo utangulizi wake, Muqaddima, unasomwa mpaka leo vyuoni kote duniani. Wazensunni nao wana kitabu chao cha kwanza cha kale, Shah-Nama, na hilo ni jina la utenzi mkuu wa Kiajemi wa Firdausi, uliokamilika karibu mwaka 1010. Hivyo ukikutana na mtu anayekwambia kwamba Kitab al-Ibar ni uzushi wa Hollywood, na mwingine anayekwambia kwamba amekiona kwa macho yake kwa shehe, wote wawili wana ukweli wao. Wanazungumzia vitabu viwili vyenye jina moja, kimoja kimeandikwa, kingine kimetajwa tu.

Mkanganyiko wa namna hii hauko Dune peke yake. Isaac Asimov, kwenye riwaya yake ya Foundation ya mwaka 1951, alifungua sura kwa nukuu za ensaiklopidia ya galaksi nzima, akaweka mpaka toleo la 116 na jina la mchapishaji, vyote vya kubuni. Douglas Adams alitunga mchezo wa redio ya BBC mwaka 1978 kuhusu kitabu cha mwongozo kwa wasafiri wa angani wanaoomba lifti. Mwaka uliofuata akatoa riwaya yenye jina lile lile la kitabu cha kubuni. Ukiulizwa kama mwongozo wa Adams upo, inabidi kwanza uulize: upi?

Sasa tuje kwenye amri. Biblia ya Chungwa ina amri kuu isemayo usiiharibu sura ya roho. Hiyo haijulikani sana mitaani. Inayosambazwa siku hizi, tangu akili mnemba iwe gumzo, ni ile nyingine: usitengeneze mashine kwa mfano wa akili ya mwanadamu. Wanaoituma wanasema kitabu cha kale kilitabiri. Kwa kweli amri hiyo ina umri wa riwaya yenyewe, na ndani ya riwaya haikuwa utabiri wa mambo yajayo. Iliandikwa na watu waliokwisha kuumia, kama sheria inayotungwa baada ya ajali. Na jambo zuri zaidi linatokea papo hapo mwanzoni mwa riwaya. Paul anainukuu amri hiyo mbele ya mama mmoja mwenye cheo wa Bene Gesserit, naye anaisahihisha: ilipaswa kusema usitengeneze mashine ya kuighushi akili ya mwanadamu. Kufanana ni jambo moja, kughushi ni jingine. Mimi naona mjadala wetu wa leo juu ya picha na sauti za kutengenezwa, za watu waliosemeshwa wasiyoyasema, umo zaidi ndani ya tofauti hiyo ndogo kuliko ulivyo kwenye amri inayosambazwa.

Zile sentensi kuhusu hofu kwamba ndiyo iuayo akili, ambazo vijana wanaziweka kwenye wasifu wao na kuandika chini yake Biblia ya Chungwa, zimetoka kwa Bene Gesserit. Ni maneno yao ya kujituliza, hayamo kwenye kitabu hiki.

Kinachonigusa zaidi katika habari hii yote kinapatikana kwenye riwaya ya pili, Dune Messiah ya mwaka 1969. Filamu ya 2024 inaishia Paul akishinda, na watazamaji wengi walitoka wakishangilia. Herbert hakuishia hapo. Miaka kumi na miwili baadaye, Paul anapiga hesabu ya vita vilivyopiganwa kwa jina lake: watu bilioni 61 wameuawa, sayari 90 zimeachwa bila uhai, waumini wa dini 40 wamefutika. Dini 40. Weka hesabu hiyo kando ya wale wajumbe 121 waliokaa kisiwani miaka saba wakitafuta namna ya kuzinyang'anya dini silaha ya kujiona peke yake ndiyo ya haki. Kazi yao ilidumu miaka elfu kumi, kwa udhaifu wake wote. Kijana aliyepewa nakala ndogo ya kitabu chao kama zawadi ndiye aliyezifuta dini 40 kwa kuwa watu walimgeuza yeye kuwa ufunuo pekee. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema Biblia ya Chungwa ni pambo tu la hadithi. Bila kuijua, mtu anaiona Dune kama habari ya shujaa, kumbe mtunzi alikuwa anatuonyesha hatari ya kumfanya mtu shujaa wa namna hiyo.

Wapo wanaoniuliza, wengine kwa sauti ya chini, kama kuisoma riwaya hii ni dhambi. Hilo ni la maalimu wako au padri wako, nami sitachukua nafasi yao. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna mahali ambapo riwaya inamtaka msomaji aiamini Biblia ya Chungwa au aabudu kwa kuifuata. Inatajwa kama sehemu ya maisha ya watu wa kubuni, sawa na mavazi yao na vyakula vyao.

Anayetaka kuhakiki mwenyewe hana safari ndefu. Nyuma ya riwaya ya Dune kuna viambatisho. Cha pili kinahusu dini, na humo ndimo historia yote ya Tume inapopatikana, kwa kurasa chache tu. Baada ya viambatisho kuna faharasa ya istilahi ambamo Biblia ya Chungwa, Jihadi ya Butler na Kitab al-Ibar vimefafanuliwa kwa mistari michache kila kimoja. Riwaya nyingine tano za Herbert, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1985, zinataja kitabu hiki hapa na pale. Mwaka 1984 Willis McNelly alihariri ensaiklopidia nzima ya ulimwengu wa Dune, yenye maelezo mengi zaidi, lakini hiyo ni kazi ya waandishi wengine, si ya Herbert. Kwa hiyo ukitumiwa faili lenye sura nzima-nzima za Biblia ya Chungwa, zenye namba za aya na sala za asubuhi na jioni, jua kuna mpenzi wa riwaya aliyekaa akazitunga. Kilichotoka kwa Herbert ni mistari iliyotawanyika, na Kalima ya 467 ni mmojawapo.